Saizi Kumi na Nane

Mimi sina subira, na sijawahi kulificha hilo. Ulizia hapa Kariobangi, kuanzia kwa mafundi wa sufuria mpaka kwa akina mama wa samaki omena, watakwambia: Kathini wa kompyuta? Huyo mdomo wake pilipili, lakini kazi yake safi. Hiyo kazi safi ndiyo iliyoniponza. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, na ukitaka kunihukumu, hukumu, maana mimi mwenyewe nilishajihukumu zamani.

Ilikuwa Januari, mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa na kijichumba kando ya soko, kompyuta moja, printa moja, na shuka kuukuu la kuvifunika vyote viwili kwa sababu ya vumbi na masizi ya mafundi wa jua kali. Nilichapa kila kitu: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za watu binafsi, kadi za harusi, na zaidi ya yote programu za mazishi, kwa kuwa sisi watu wa Eastlands tunazikana sana. Na kama mchapaji yeyote aliyefunzwa vizuri, nilikuwa sisomi ninachochapa. Usicheke. Chuoni tulipigwa rula za vidole kwa kusoma. Mwalimu wetu alisema ukisoma utacheka au utalia, na ukicheka au ukilia utakosea, kwa hivyo jicho lichukue neno, kidole kilitoe, akili ibaki nje. Nimechapa barua za talaka na barua za kufukuzwa kazi, na ukiniuliza jioni zilisema nini, sijui.

Mzee Muthama aliingia Jumatatu moja asubuhi, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa na foleni yangu imefika nje. Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu wa miaka sitini na kitu, anakaa mtaa wa Umoja One na mkewe. Suti ya kijivu, tai, kofia mkononi, na jua lile. Alitoa diski iliyofungwa ndani ya leso, akaniwekea mezani kwa mikono miwili kama anatoa sadaka. Alisema ameandika kitabu. Kimo ndani ya ile diski, kurasa mia moja na kumi, na anataka nikitengeneze kikae kama kitabu cha kweli, halafu kichapishwe nakala hamsini. Hakuna kampuni wala mhariri. Ni yeye mwenyewe na kiinua mgongo chake.

Nikamtania kidogo, nikamwambia wenzake wanaota maelfu, yeye hamsini tu? Akasema hamsini zinatosha, maana watakaopewa anawajua kwa majina. Lakini hakuna hata mmoja atakayepewa kabla mkewe hajasoma. Mkewe kwanza, na asome mwenyewe. Alilirudia hilo la kusoma mwenyewe. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayejivunia kitu kilichopotea, kwamba zamani kule kijijini mkewe ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua wanawake wote ambao waume zao wako Nairobi. Siku hizi hashiki kalamu. Hata kanisani walipomchagua katibu wa akina mama, alikataa.

Halafu akatoa kijikaratasi mfukoni, kipande alichokikata kwenye kalenda ya ukutani. "Yawe makubwa hivi," akasema. "Yasiwe madogo kuliko hapa."

Nikapima. Saizi kumi na nane. Nikamwambia, Mzee, hayo ni maandishi ya watoto wa nasari. Kitabu cha mtu mzima ni saizi kumi, ukizidi kumi na moja. Aliitazama kofia yake, akasema basi yawe hivyo hivyo makubwa. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Nyuma yake kulikuwa na mwalimu mwenye mitihani ya madarasa manane, na alikuwa akipumua kwa nguvu ili nimsikie.

Nilipoifungua ile diski mchana nikashika kichwa. Kitabu kilikuwa kimechapwa na binti mmoja wa kanisani kwao aliyejifunza kwa mashine ya taipu. Sasa, kwenye taipu, ukifika mwisho wa mstari kengele inalia na wewe unarudisha gari, lile roli la karatasi, uanze mstari mpya. Kompyuta haina haja ya hilo, mstari unajikunja wenyewe. Lakini yule binti alikuwa bado anasikia kengele kichwani: kila mwisho wa mstari amebonyeza Enta. Kila mstari, kurasa mia moja na kumi. Kwa kuanza aya, mara amepiga spesi tano, mara tatu, mara hakupiga yoyote. Namba za kurasa ameziandika kwa mkono. Na akitaka kwenda ukurasa mpya, anabonyeza Enta mpaka aufikie.

Katika saizi kumi, maskini, kitabu kilikaa kimya, hata kikapendeza. Nilipokipeleka kumi na nane kikavunjika chote. Mstari mmoja mrefu, unaofuatwa na maneno mawili tu, mrefu tena, maneno mawili tena, na namba za kurasa zimeangukia katikati ya sentensi. Nikijaribu kuiambia kompyuta ifute Enta zote kwa mkupuo, aya zote zinaungana, kitabu kizima kinakuwa fungu moja lisilo na kichwa wala miguu. Dawa ilikuwa moja: kushuka mstari baada ya mstari, kufuta Enta, kupiga spesi, kuangalia kama hapo ni mwisho wa aya au la. Nilihesabu ukurasa mmoja, nikazidisha. Mistari elfu tatu na mia saba.

Basi nifanyeje? Nitakwambia nilichofanya. Nilirudisha saizi kumi. Nikanyoosha namba za kurasa, nikaweka vichwa katikati, nikafanya pambizo sawasawa. Kilikuwa kizuri, haki ya Mungu. Na Mzee alipokuja Jumatano nikamwambia neno ambalo miaka ile lilikuwa kama amri ya serikali, hakuna aliyelibishia, awe benki au ofisi ya ardhi. Nilimwambia kompyuta imekataa.

"Imekataa kabisa?" akauliza.

Nikasema imekataa kabisa. Akauliza kama labda kesho itakubali. Nikasema haitakubali. Alisimama pale akiitazama kompyuta kwa nyuma, kule kwenye nyaya, kama mtu anayetafuta mahali pa kuibembeleza. Mwisho akauliza kama haiwezekani hata nakala moja tu kwa maandishi makubwa, moja tu, hizo nyingine ziwe ndogo. Na hiyo moja ningeweza kuitoa kwa printa yangu mwenyewe palepale chumbani. Lakini mtu akishasema uongo lazima auchunge, si ndiyo? Nikamjibu kwa ukali kwamba kama ni kukataa imekataa, moja na hamsini ni mamoja.

Akasema sawa, mwanangu.

Nilizipeleka kurasa Eastleigh kwa Kadar, mwenye kimtambo cha kuchapisha risiti na kadi za harusi, mtu mwangalifu anayepangusa mikono kabla ya kugusa karatasi. Alizisifu. Kisha akaona kwenye karatasi ya oda aliyoijaza Mzee siku ya kwanza, imeandikwa yawe makubwa, akaniuliza mbona haya madogo. Nikamwambia ashughulike na mtambo wake. Kadar akacheka kidogo, akachapisha. Ilichukua siku kumi na mbili, maana stima ilikuwa ikipotea kila mara.

Mzee Muthama alikuja kuvichukua vitabu vyake Jumamosi. Jalada la kijani, jina kwa herufi nyeusi: Barua kwa Mama Nzembi. Nami nikacheka moyoni. Mkewe Kavindu nilishamsikia akitajwa, na Umoja nzima anaitwa Mama Mutie, kwa jina la mwanawe mkubwa aliyeko Mombasa. Nikasema kumbe huyu mzee naye ana yake. Alilipapasa jalada, akafungua katikati, akakisogeza kitabu mbali na uso, akakifunga. Alinishukuru mara mbili. Akaliinua boksi mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akatembea nalo kuelekea Umoja.

Jumatano alirudi na kitabu kimoja. Alisubiri wateja wote wamalizike, na nilipomwita akaketi.

"Mwanangu, hayaonekani," akasema.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mbona mimi nayaona, mbona Kadar ameyaona, watu wazima wanasoma magazeti yenye maandishi madogo kuliko hayo. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, ndipo akaniambia, taratibu, jambo alilokatazwa na mkewe kumwambia mtu yeyote. Kavindu ana sukari. Sukari imemla macho. Jicho la kushoto lilikwisha mwaka jana, la kulia limebaki dirisha dogo, na daktari amesema hilo nalo litafungwa kabla ya Pasaka, hakuna cha kufanya. Kanisani anashika kitabu cha nyimbo kama wenzake, kumbe anaimba kwa kichwa. Mwanzoni mwa Januari Mzee alikata vipande vya maandishi kwenye kalenda na magazeti, akampa mmoja mmoja dirishani, na kile kijikaratasi alichoniletea ndicho kidogo kabisa ambacho bado alikuwa akikisoma. Haya yangu ameyaweka hadi puani, na ameona ukungu tu.

  Nikamwuliza kwa nini basi usimsomee wewe. Akatikisa kichwa. Alisema yaliyomo humo amejaribu kuyasema kwa mdomo tangu Mutie hajazaliwa, na kila mara ameishia kuomba chumvi. Barua mtu anaweza kuichana kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo akaandika kitabu, asome peke yake, yeye mwenyewe awe mbali kidogo.

Nikamwambia aende nyumbani. Nikasema nitaibembeleza kompyuta. Hata wakati ule, unaona, bado niliitupia kompyuta lawama.

Nilifunga mlango kwa wateja siku mbili na nusu, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata nilipofiwa na mama. Nilikaa pale kuanzia saa moja asubuhi mpaka mwanga unapokwisha, nikifuta Enta. Mwisho wa mstari, futa, spesi. Mwisho wa mstari, futa, spesi. Mistari elfu tatu na mia saba. Waliokuja na programu za mazishi waligonga wakanitukana. Na bado, niamini, sikusoma. Macho yangu yalikuwa kwenye ukingo wa kulia wa ukurasa, pale mistari inapoishia, na hata kama ningesoma ningeona neno moja moja tu la mwisho: mfukoni, Jumanne, mtoto, nikanyamaza. Ijumaa jioni kilitoka kwenye printa, kurasa mia mbili na sitini, saizi kumi na nane, mistari imekaa, aya zimekaa. Nikakibana vizuri na Jumamosi asubuhi nikakipeleka Umoja mwenyewe.

Ilikuwa nyumba ndogo safi, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, na lile boksi la vitabu vya kijani chini ya meza halijapungua hata kimoja. Mama Mutie alikuwa ameketi karibu na dirisha. Mwanamke mrefu, amejitanda leso, mikono imetulia mapajani. Alinisalimu kwa Kikamba, akauliza watu wa kwetu ni wa wapi, akanikaribisha chai. Mzee alikichukua kitabu kwangu, akamtilia mikononi, akasema kwa sauti isiyokuwa yake kwamba kile alichomwambia kimekuja.

Alikifungua. Alikikaribisha usoni, akakigeuza upande, akaanza kufunua. Mzee Muthama alimtazama akifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sijui kama umewahi kumwona mtu anayesubiri jibu la daktari. Kisha hakuweza zaidi. Akasema maji ya mfereji yatakatika saa nne, afadhali akajaze mitungi, akatoka nyuma.

Mimi nilikuwa nakijua kile kitabu kwa umbo lake, hata kama sikujua maneno yake. Baada ya ukurasa wa nne kuna ukurasa mtupu, niliuacha makusudi kabla ya sura kuanza. Na Mama Mutie alikaa kwenye ukurasa ule mtupu muda uleule aliokaa kwenye kurasa zilizojaa. Jicho lake likaenda huku, likarudi, likashuka. Kisha akafunua.

"Ameenda?" akaniuliza.

Nikasema ameenda.

Akakifunga kitabu. Alisema lile dirisha dogo la jicho lilifungwa Jumatano jioni, akikaanga kitunguu. Mzee hajui. Amekingoja kitabu hiki kwa hamu mno, naye mkewe akaona amwache afurahi kwanza kumwona akikisoma. Akaninyooshea kitabu. "Basi nisomee wewe, kabla hajarudi."

Jumatano. Ile Jumatano aliyokuja Mzee kuniambia hayaonekani. Kama ningefanya Januari kazi niliyokuja kuifanya Februari, huyu mama angesoma kitabu chake mara tatu. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale na kikombe cha chai yake mkononi, na nilitamani ardhi inimeze.

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma: "Mama Nzembi."

Mikono yake iliruka. Akaniuliza nimesema nani. Nikarudia. Akasema hakuna mtu aliyemwita hivyo tangu mwaka wa sitini na saba, endelea.

Nikaendelea, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa nasoma kitu nilichokitengeneza. Nzembi alikuwa mtoto wao wa kwanza, msichana, miaka mitatu. Mzee alikuwa karani kijana hapa Nairobi, mama na mtoto wako kijijini. Zilikuwamo habari za treni, za wali wa mchele mbovu, za chumba walichokaa wanaume sita. Niliruka-ruka, maana yeye mwenyewe alinihimiza, alikuwa anajua anachokitafuta. Na kwenye sura ya tano kikaja. Sikisomi sasa, nakikumbuka tu.

"Telegramu yako ilifika Jumanne saa nne asubuhi. Nzembi mgonjwa sana njoo. Niliisoma nimesimama, nikaitia mfukoni. Wenzangu walikuwa wakiitwa nyumbani kila mwezi kwa telegramu za uongo, na wenzangu wakawa wanachekwa. Nikadhani nawe umejifunza. Jumamosi nilikuja na mkate na gauni la mtoto, nikakuta mmeshamzika Alhamisi. Nikasema telegramu haikunifikia. Nilisema hivyo mbele ya watu waliokuwa matangani, na nimewahesabu, walikuwa hamsini. Mama yangu akakugeukia wewe. Nikanyamaza."

Nikaishia hapo. Nje nilisikia maji yakiingia mtungini.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma. Akasema tena. Nikasoma mara ya tatu, na safari hiyo sauti ilinikatika kwenye neno gauni, mimi Kathini mwenye mdomo. Yeye hakulia. Alikuwa amegeuzia uso dirishani, ambako hakukuwa na kitu tena kwake.

Alisema yeye ndiye aliyeijaza ile fomu ya telegramu. Alitembea mpaka posta ya sokoni na mtoto mgongoni, akaijaza mwenyewe kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia wote. Na Muthama aliposema haikumfikia, mama mkwe alisimama mbele ya watu akasema kalamu yako hiyo unayojivunia ndiyo iliyomwua mtoto, umekosea sanduku la posta. "Nikaamini. Ningeamini nini kingine? Nilidhani nilikosea namba. Nilikaa nikiiandika kichwani miaka yote hii, nikitafuta ni wapi nilikosea. Nikaogopa kuandika tena, nisije nikaua mtoto wa mtu mwingine." Akanigeukia, macho yamepita juu ya bega langu. "Sanduku elfu nne mia nne sabini na moja. Nenda umwulize kama ndiyo."

Nikatoka nyuma. Mtungi ulikuwa umejaa zamani, maji yanamwagikia viatu vya Mzee na yeye anayatazama. Aliniuliza bila kugeuka mkewe amefika wapi. Ilibidi nimwambie. Nilimwambia macho yalikwisha Jumatano, kwamba hakusoma neno hata moja, kwamba nimemsomea mimi na amesikia yote. Alifunga mfereji. Alikaa chini kwenye ukingo wa saruji na suti yake.

"Anauliza namba ya sanduku," nikasema. "Kama ilikuwa elfu nne mia nne sabini na moja. Anasema miaka yote amedhani aliikosea."

 Nadhani ndipo alipoelewa ni mzigo gani aliomtwika mkewe, maana alichoungama kitabuni ni uongo wake tu, hakujua uongo ule uliishi wapi.

"Ilikuwa sawa," akasema. "Mwambie ilikuwa sawa kabisa. Hata mwandiko ulikuwa safi. Karani wa posta ya sokoni aliniambia baadaye, huyu aliyejaza amesoma."

Nikageuka niende. Halafu nikarudi. Nikamwambia, Mzee, kompyuta haikukataa. Nilikataa mimi. Ilikuwa kazi ya siku mbili na nusu.

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alikung'uta maji kwenye suruali yake. "Nilifikiri hivyo," akasema. "Lakini mimi ningekuuliza kwa mdomo gani?"

Niliingia ndani. Mama Nzembi alikuwa hajasogea. Nikamwambia ilikuwa sawa, Mama, sanduku lilikuwa hilohilo, hata mwandiko ulikuwa safi. Alishusha pumzi, na ilichukua muda kuisha, kana kwamba ilikuwa imekaa humo tangu mwaka wa sitini na saba. Ndipo machozi yakaja, hakuyafuta. Akanyoosha mkono akaomba kalamu.

Nikampa biro yangu. Alikipapasa kitabu mapajani, akafungua popote, akaweka kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa karatasi ili ajue inapoanzia. Ulikuwa ukurasa uliojaa, mistari niliyoinyoosha mmoja mmoja, na yeye hakuiona. Nilitaka kumsogezea ukurasa ule mtupu. Nikaacha. Aliandika juu ya maandishi yangu, kwa herufi kubwa, polepole, akiinua kalamu na kuishusha tena: namba ya sanduku, halafu chini yake, Nzembi mgonjwa sana njoo.

Mzee Muthama alikuwa amesimama mlangoni na mtungi mkononi, ameogopa kuingia. Mkewe hakumwita aingie, wala hakumfukuza.

"Niangalizie," akaniambia mimi. "Nimekosea mahali?"

Nikainama. Nikasoma namba moja moja, kisha herufi moja moja, mpaka mwisho, kama nilivyopaswa kusoma tangu siku ya kwanza. Hakuwa amekosea mahali popote.